Kamba ya Ndama Uani kwa Mama

Mimi simwamini mtu anayekuja kusaidia bila kuitwa. Ndivyo nilivyo, na ushonaji wangu hapa Garsen haujanibadilisha: mteja akiisifu nguo kabla hajaivaa, najua kuna jambo anataka. Kwa hiyo mhudumu wa afya alipoanza kwenda kwa mama kule kijijini Wema, na begi lake la serikali na mashine ya kupima presha, nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza.

Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba wazee wanaoishi peke yao watatembelewa majumbani mara mbili kwa wiki, gharama ikiwa ya serikali. Mama alifurahi. Alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, na kila nilipomwambia ahamie kwangu mjini alinijibu kwamba hawezi kwenda kukaa nyuma ya duka kama kuku anayeatamia. Mimi chumba nilikuwa nimeshamtengea, na kitanda kipo. Nilikuwa nangoja sababu tu ya kumchukua.

Tena mhudumu mwenyewe alikuwa mwanamke wa upande wa wafugaji. Sisi ni wakulima. Tuliwahi kuzika watu wetu, nao wakazika wao, kwa sababu ya ng'ombe kuingia mashambani. Yalikwisha, tukapatana, sasa wanatuuzia maziwa na sisi tunawauzia mchele. Lakini hadi leo nikiona ng'ombe karibu na shamba la mama moyo unanipasuka, na sioni aibu kulisema.

Basi nikawa nampeleleza. Siku moja nilimkuta ameshika simu ya kazi, anamwuliza mama nyumba ni ya nani, anaishi na nani, choo kiko umbali gani. Nikamwuliza choo chetu kinamhusu nini.

"Dada, hii ni maswali ya simu," akasema. "Si yangu."

Simu gani inayotaka kujua choo? Nililiweka moyoni. Safari iliyofuata nilikuta vikopo viwili vya dawa za mama vimefungwa nyuzi, kimoja kina fundo moja, cha pili mafundo mawili. Nikamwuliza mama huo ni uganga wa wapi.

"Acha maneno yako," akasema. "Hizo ni dawa za presha."

Na wali wa siku hiyo ulikuwa na mawe. Mama huyu huyu alinichapa utotoni kwa sababu ya jiwe moja! Nikaona ameshadekezwa, hata mchele hachambui. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi mlangoni tu, wakati miaka yote hunifikisha barabarani. Nilirudi Garsen nikiamini kwamba yule mwanamke amemtia maneno mama anichukie.

Jumatano moja nilifunga duka, nikachukua bodaboda bila kumpigia mama simu. Nilikuwa nimekata shauri: nikikuta kitu chochote, namfungia nguo zake na tunaondoka siku hiyo hiyo. Nilimkuta amelala chumbani, jua la mchana limepamba moto. Na uani kulikuwa na kamba.

Ilikuwa kamba nene ya kusokotwa kwa mkono, ile ile ambayo wafugaji hufungia ndama. Imetoka kwenye nguzo ya mlango hadi kwenye jiko la nje, kisha ikaendelea hadi chooni, imevutwa ikakaza. Penye jiko ilikuwa na kitanzi kimoja, penye choo viwili, vitanzi vile vya kuingiza shingo. Nikahesabu ndama watatu. Leo ndama watatu, kesho mama zao, keshokutwa huu si ua wetu tena. Kumbe ndiyo maana ya yale maswali yote!

Mkasi wangu wa kazi huwa nao mkobani. Nikaikata kamba mlangoni, nikaikata jikoni, nikaikata chooni. Sikuona kwamba pale uani hapakuwa na mavi ya ndama hata kidogo. Sikujiuliza pia ni ndama gani anayefungwa usawa wa kiuno cha mtu. Nikaikunja kamba mapajani, nikaketi kwenye kigoda kivulini mwa jiko, nimngoje mhudumu mwenyewe, maana ilikuwa siku yake ya kuja. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Aliyetoka kwanza ni mama. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia kando ya nguzo bila kutazama, mkono ukashika hewa. Akapapasa juu, akapapasa chini. Nilikuwa hatua sita mbele yake. Akanielekezea uso, macho yake yakapita juu yangu yakaenda zao.

"Binti yangu," akaita, "umeiweka wapi kamba?"

Hakuwa ananiita mimi. Mhudumu alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani; alimwona mama, akaniona mimi, akaona mkasi na kamba mapajani. Nilingoja anitaje.

"Ndama ameikata, bibi," akasema. "Ndama yetu. Ngoja mimi nafunga tena."

"Ng'ombe zenu hizi!" mama akasema, nusu akicheka. "Hazitatuacha."

Mhudumu alikuja akachukua vipande mapajani mwangu. "Macho imeisha tangu mvua iliyopita," akaninong'oneza. "Nimeandika kwa simu, wanasema daktari atakuja. Yeye alikataa wewe ujue. Anasema ukijua, utamhamisha." Akaanza kuunga kamba, fundo kwa fundo, nami nikamshikia upande wa pili. Kitanzi kimoja, jiko. Viwili, choo. Fundo moja, dawa ya asubuhi. Mawili, ya jioni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Ilipokaza, mama aliishika na kwenda hadi jikoni, hatua zake zimenyooka. Nilitoka uani kimyakimya hadi njiani, nikageuka, nikapiga hodi kama mtu anayefika sasa hivi.

Mama aliiachia kamba upesi, mkono akauficha nyuma. Akageukia sauti yangu kwa tabasamu.

"Karibu, mwanangu! Ile leso yako nyekundu inakupendeza, nimekuona tangu kule mbali."

Nilikuwa nimevaa gauni la buluu.

"Asante, mama," nikasema. Chumba cha Garsen sikukitaja.