Maporomoko ya kwenye ngazi zetu

Leo nimenawa uso kwa maji ya choo cha jirani.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri hapa Manzese. Maji yakawa yanashuka kwenye zile ngazi za kando ya nyumba yangu, ngazi hadi ngazi, yanatoa povu.

Mjukuu wangu Neema akauliza, "Babu, haya ni maporomoko?"

Mnanijua. Nikaanza kufundisha.

Nikamwambia ndiyo, maji yakianguka kutoka juu ni maporomoko, hata yakiwa madogo hivi. Na udongo ukishuka mlimani tunasema maporomoko ya ardhi.

Nikakinga kiganja, nikanawa uso, nikamwambia naye aguse aone nguvu yake.

Yeye akakinga, akanywa.

Mama Rehema, jirani wa mbele, akapiga kelele dirishani: "Mwalimu, acha hayo maji! Baba Zuhura anatapisha choo huko juu!"

Nikapanda hadi kwa huyo jirani wa juu. Kweli. Katoboa shimo la choo, yote yanakuja kwetu, na vilivyoelea sivitaji.

"Shikamoo mwalimu," ananiambia, jembe mkononi. "Si mvua inasafisha?"

Nilitapika palepale.

Kwenye zahanati muuguzi akauliza, "Nani alimwacha mtoto anywe hayo maji?"

Nikasema, "Mimi."

Neema kapewa dawa, sasa amelala. Baba Zuhura kafukia shimo lake, yuko barazani anakunywa chai.

Nyie mngemfanyaje mtu huyu?

Nataka kumshika mtoto paji la uso nione kama ana homa. Mikono nimeisugua kwa sabuni mara nne, na bado naona inanuka.