Redio Niliyoifunga kwa Blada

Kuna watu wa Timau ambao hadi leo wakiniona hufunika mdomo kwa kiganja, na siwalaumu, kwa sababu niliyoyasema siku ile kule mlimani yalisikika neno kwa neno upande wa pili wa bonde, na watu saba, mmoja wao akiwa mwalimu mkuu wangu. Nimeishi na aibu hiyo tangu miaka ya tisini. Afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwao ikiwa imetiwa chumvi.

Tulikuwa kikundi cha kutazama ndege, walimu na wafanyakazi wa mashamba, na asubuhi hiyo tulikuwa tukimtafuta tai mwenye ndevu, yule anayepaa na mfupa na kuuachia upasuke kwenye mawe. Tulimtafuta kwa ajili ya Mzee M'Ikiara, askari wa msitu mstaafu, aliyemwona mara moja ujanani. Presha ya macho ilikuwa inammaliza, na daktari alikuwa amemwambia kilichopotea hakirudi. Kwa darubini bado aliweza kuona kitu kikubwa kilichotulia, lakini hakuna aliyejua ni kwa miezi mingapi zaidi.

Kananu, msimamizi katika shamba moja la maua, ndiye aliyeazima redio mbili za kazini ili tugawanyike pande mbili za bonde, kila upande uchunguze majabali ambayo upande mwingine hauyaoni. Alitaka mwenzake wa shambani abaki na Mzee na redio ya upande wetu. Nikakataa, nikasema mtu mwenye digrii hashindwi na kidude chenye kitufe kimoja (digrii yenyewe ni ya jiografia).

“Bonyeza useme, achia usikie,” akaniambia. “Ni hayo tu, Mwalimu.”

Baridi ilikuwa ile ya kufanya vidole visahau mwenyewe ni nani, kwa hiyo nikaitia redio kifuani ndani ya koti na kuizungushia blada ya baiskeli, ule mpira wa ndani ya gurudumu, mara mbili, jinsi tunavyofunga kila kitu huku kwetu, kuanzia kuni hadi jogoo wa kupeleka kwa wakwe. Nikavuta ikakaza sawasawa. Ilikaza juu ya kitufe. Redio ikawa inasema muda wote, na redio inayosema haisikii.

Tukaketi chini ya jabali, mimi na Mzee. Kwa kuwa kifua changu kilikuwa kimya, niliamua kwamba wenzetu hawajaona kitu, nikaanza kumchangamsha mzee wa watu. Nikamweleza kwamba Kananu anajua waridi, ndege hajui, na kwamba mwezi uliopita aliandika kunguru kuwa mwewe (aliyeandika ni mimi). Nikamwigizia mwalimu mkuu anavyotembea kwenye gwaride kama korongo aliyekanyaga tope, na sauti yake nikaiga pia. Halafu nikaimba wimbo wa kanisani, beti zote, sauti ya besi.

Mzee alinisihi mara moja tu, kwa upole. “Mwalimu, si tusikilize kidogo?”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wakiita tutasikia.

Baada ya nusu saa Kananu akatokea kwenye vichaka vya chini akihema, matope hadi magotini, kwani alikuwa ameshuka bonde zima na kulipanda tena. Hakunisalimu. Alinifungua koti kama anayemkagua mwizi, akaing'oa blada, na papo hapo sauti ya mwalimu mkuu ikalipuka kifuani mwangu na kugonga mwamba. “Yuko juu ya kichwa chako, Mwalimu. Tangu tufike yuko juu ya kichwa chako.”

Basi akaruka.

Alitoka ukingoni, hatua kumi juu yetu, na sikujua kwamba ndege anaweza kuwa na upana ule. Kifua kilikuwa na rangi ya udongo mwekundu ulionyeshewa, na chini ya mdomo ndevu nyeusi. Hakupiga bawa hata moja. Aliliegemea tu lile bonde, na upepo ukapita kwenye manyoya yake kwa mlio ambao niliuhisi kwenye meno. Kivuli chake kilipita juu yangu, juu ya Kananu, juu ya uso wa Mzee, kikashuka bondeni.

Mzee alikuwa amevua kofia. Darubini ilikuwa bado mapajani.

“Nimeona giza likipita,” alisema. “Ndiye?”

“Ndiye, Mzee,” Kananu akajibu.

Akanigeukia mimi. “Basi niambie alivyokuwa, Mwalimu. Wewe una maneno.”

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimesema nusu saa nzima bila kuombwa, na sasa nilipoombwa halikutoka hata moja. Kananu akaketi kando yake kwenye nyasi, akamshika mkono, akaanza polepole kwenye ncha ya bawa, unyoya kwa unyoya, kwa sauti ya chini, akinipa mgongo. Redio sijaigusa tena tangu siku hiyo, na ninapopanda mlimani na watu huwa ninatembea nyuma, mdomo nimeufunga.