Ukuta wa Kina Nanjala

Juzi hapa Bungoma nilipita nyumba iliyokuwa ikipakwa rangi, na ile harufu ikanirudisha Kitale, sebuleni kwa kina Nanjala, rafiki yangu wa darasa la tatu.

Kwetu viti vilifunikwa vitambaa vyeupe na sisi watoto tulikaa mkekani. Kwao baba alipika chapati huku akiimba, na mama, aliyechora mabango ya maduka, aliwaachia watoto ukuta mzima wachore watakavyo.

"Kwani hamchapwi?" nilimuuliza Nanjala.

"Tuchapwe ya nini? Si ni ukuta yetu."

Nikamwonea wivu. Alipokwenda jikoni kuleta chapati, nilichovya brashi kwenye rangi nyeusi, nikampaka ng'ombe aliyekuwa amemchora ukutani, kuanzia pembe hadi mkia. Nilipogeuka, mama yake alikuwa mlangoni. Aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi.

"Nanjala, kuja uone," akaita. "Rafiki yako amechora usiku. Ng'ombe amelala."

Nilirudi nyumbani nikicheka kwamba nimemdanganya mtu mzima. Sasa nina watoto wangu, na najua hakudanganyika hata kidogo. Mpaka leo namwonea Nanjala wivu, kwa kulelewa na mama kama yule.