Saa Mbili na Dakika Arobaini

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na wateja wangu pale Mjimwema walijua kwamba ukileta kitambaa pungufu halafu ukataka gauni la marinda, utasikia maneno yako. Kwa hiyo watu waliposikia nataka kuishtaki hospitali walisema ni hasira tu, zitapoa. Hazikuwa hasira. Hasira nazijua, nimeishi nazo, huwa hazidumu hata wiki.

Ilianza na bati. Mvua za kwanza zilikuja na upepo, ukaling'oa bati la kibaraza cha chumba changu cha kushonea, nami kwa ujinga wangu nikalidaka lisiangukie cherehani. Likanikata mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Damu ilitoka mpaka nikaona aibu, maana ilikuwa asubuhi na watu wanapita kwenda kazini. Mume wangu alikuwepo nyumbani miezi ile, shirika lao lilikuwa limepunguza wafanyakazi na yeye akawemo. Akanizungushia kanga, akanipakia kwenye baiskeli, tukaenda.

Hospitali siitaji. Pale kwenye chumba cha dharura alikuwepo mhudumu mmoja tu, mama wa makamo, mpole. Alichukua mpira, ule wanaokufunga wakitafuta mshipa, akanikaza juu ya kiwiko mpaka damu ikakata. Akaandika kwenye kadi yangu kwamba nimefungwa mpira 2.40. Kisha akamtuma mume wangu nje, duka la dawa, akanunue glovu na uzi wa kushonea kidonda, maana zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza nyakati za kuchangia gharama za matibabu. Mimi fundi cherehani naambiwa sina uzi! Nilicheka siku ile, kweli nilicheka, nikiwa nimekaa kwenye benchi na mkono wangu mapajani.

Daktari alikuwa anapasua mtu. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Vidole vikachoma, halafu vikawa vya baridi, halafu nikaacha kuvisikia. Saa nane zamu ikabadilika, yule mama akaondoka, akaja nesi mwingine. Nikamwambia vidole vimekufa ganzi, nifungulie huu mpira. Akasema, "Usiuguse mama, utatumwagia damu hapa. Daktari anakuja."

Alikuja saa tisa na dakika kumi, kijana mrefu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, macho mekundu kwa kuchoka. Nilikuwa nimechoka kuliko yeye. Akaichukua kadi, akatazama saa yake ya mkononi, akaniuliza, "Mbili na arobaini?"

"Ndiyo, daktari."

"Haya." Akaandika kitu, akaniacha, akaenda kuwaona majeruhi wa lori waliokuwa wameshushwa wakati ule ule. Aliporudi kunifungua na kunishona, jua lilikuwa limeshaegemea magharibi. Mimi, mwenye mdomo ule, sikusema neno. Mbele ya daktari sisi wote tulikuwa hivyo, unajibu unachoulizwa basi.

Kidonda kilipona vizuri, kovu lake jembamba. Vidole ndivyo vilivyokataa. Vilijikunja, vikabaki vimejikunja, mkasi ukawa haukai. Nikaandika barua ya malalamiko, yaani mume wangu aliandika na mimi nikawa nasema, na kila aliposema neno fulani ni kali mno nikamwambia liache hapo hapo.

Majibu yakaja yamepigwa chapa na muhuri juu. Walisema kwa mujibu wa kadi, mgonjwa alifungwa mpira saa 2.40, akaonwa na daktari saa 3.10, yaani alisubiri nusu saa. Na mgonjwa mwenyewe, alipoulizwa na daktari, alikiri.

Nusu saa! Nilitukana. Nilisema ni waongo, wamebadilisha kadi. Mume wangu akaisoma tena polepole, mtu wa ofisini yule, amezoea makaratasi ya wakubwa. Halafu akasema, "Hawajabadilisha kitu. Yule mama aliandika saa zetu. Daktari akasoma za Kizungu, wao madaktari ndizo wanazoandikia."

Nikakaa chini. Mama yule aliandika saa mbili na dakika arobaini za asubuhi kama wewe na mimi tunavyosema. Daktari aliona 2.40, saa yake ikasema 3.10, akajua mpira una nusu saa tu, mgonjwa anaweza kungoja kidogo. Katikati pakapotea saa sita nzima. Na mimi nikaulizwa mbele ya kadi, nikasema ndiyo. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Ile "ndiyo" yangu iliniuma kuliko mkono.

Mjini palikuwa na wakili, mgeni, amekuja na mke wake mwalimu. Nikaenda kwake na orodha yangu. Nikamweleza benchi, nikamweleza uzi na glovu, nikamweleza nesi aliyeniambia nitawamwagia damu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akayafuta yote.

"Mama, hayo ni ya kuudhi, si ya kushtaki," alisema. "Mtu akikujibu vibaya, akakungojesha, halafu ukapona, mahakama itakupa pole uende nyumbani. Mimi nataka kujua mambo mawili. Je, walifanya kitu ambacho mtu wa kazi ile, mwenye akili zake, asingefanya? Na je, ni kitu hicho kilichoharibu mkono, au ni bati?"

Niliudhika, lakini nilimwelewa. Mteja akiniletea gauni limembana kwapani, huwa siulizi kama fundi alikuwa na adabu. Nauliza kama alikata vibaya au mwenye gauni amenenepa.

La bati lilikuwa rahisi. Nilikwenda hospitali ya misheni, daktari mzee wa pale akanichoma vidole na pini kimoja kimoja, akapapasa kovu, akaandika kwamba jeraha halikufika kwenye mishipa ya fahamu, ila mkono ulikosa damu kwa muda mrefu. La kwanza ndilo lilikuwa gumu. Wakili alisema kila kitu kinasimama juu ya mhudumu: akisema aliandika saa za Kiswahili, kesi ipo. Akikana, nina nusu saa yangu na "ndiyo" yangu.

Mume wangu hakutaka. Hakuwa mwoga, nisimwonee. Mama yake tulikuwa tunaishi naye, ana presha, kila mwezi anakwenda pale pale. "Tukiwashtaki," akasema, "siku mama akizidiwa tutampeleka wapi? Utamshonea dawa?" Nikamjibu kwamba hata kitufe siwezi tena kushona. Tukanuniana siku mbili, tunapishana uani kama wapangaji.

Nilimkuta mhudumu kwake anapukuchua mahindi. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akautazama mkono wangu kabla hajanitazama usoni. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nikamwuliza tu, "Mama, ile kadi uliandika saa za wapi?"

"Saa za wapi tena, mwanangu? Saa si saa?" Nikamweleza. Alipoelewa, mahindi yakamponyoka. Nikajua anafikiri nini, maana kila wiki kazini kwao kulikuwa na majina yanasomwa ya wanaopunguzwa. Mwishowe akasema, "Nitasema nilichoandika. Lakini na wewe usiseme nilikufunga vibaya. Damu ilikata."

"Ilikata," nikasema. "Hilo nitalisema popote."

Kabla ya kufungua kesi, wakili alishauri tuwape nafasi ya kuzungumza. Tukaitwa ofisini kwa mganga mkuu, mtu mzima, mnyenyekevu wa maneno, mzaliwa wa huku huku. Yule daktari kijana alikuwepo, amekaa pembeni. Mganga mkuu akaanza na pole, akaingia kwenye kadi, akasema kwa masikitiko kwamba maandishi ndiyo maandishi, nusu saa haiwezi kuua vidole, tena wewe mwenyewe dada ulikubali.

Nikaomba kadi. Nikaiweka mbele yake. "Mzee, naomba unisomee hapo kwa Kiswahili."

Akavaa miwani. "Saa mbili na dakika arobaini."

"Za mchana?"

Akaisogeza kadi karibu na macho. Hakuna saa mbili ya mchana kwenye Kiswahili, mtoto wa chekechea anajua. Ipo ya asubuhi na ipo ya usiku, basi. Nilimwona akihesabu, mpaka ikamfikia. Alivua miwani. Daktari kijana alikuwa ameshahesabu kabla yake. Alikuwa ameinama, ameshika kichwa.

"Ningejua ni asubuhi nisingekuacha hata dakika moja," akasema. "Wallahi nisingekuacha."

Nilimwamini. Nasema leo kama nilivyoona siku ile, nilimwamini kabisa, na hasira zote nilizokuwa nimembebea zikaniishia pale kwenye kiti. Mganga mkuu naye akalainika. Akaahidi kwamba nitafanyishwa mazoezi ya vidole bure, mama mkwe wangu atahudumiwa bila kupangishwa foleni, na mhudumu hataguswa. Mume wangu akanigusa goti chini ya meza, maana yake pokea.

Nikauliza jambo moja. "Na ile barua inayosema nilisubiri nusu saa, mtaifuta?"

Mganga mkuu akakohoa. Barua imeshakwenda mkoani, akasema, ina kumbukumbu namba, kuifuta ni kuanzisha mambo mengine. Tuyamalize hapa kibinadamu.

Hapo ndipo nilipoamua, na sikusita. Walikuwa wananipa kila kitu isipokuwa zile saa sita. Kwenye makaratasi ya serikali ningebaki mwanamke aliyeharibiwa mkono na bati, aliyengoja nusu saa, aliyekiri mwenyewe. Mwingine akifungwa mpira asubuhi, hakuna ambaye angejua kosa hili liliwahi kutokea. Nikawashukuru kwa pole yao, nikasema nitakwenda mahakamani, na nilisema kwa sauti ya kawaida mpaka mume wangu akanigeukia.

Tulipoinuka, daktari kijana akaja mlangoni kuniaga. Akanyoosha mkono wa kulia, kama mtu yeyote angefanya, na akakumbuka akiwa ameshaunyoosha. Ukabaki hewani. Mimi nilikuwa na wa kushoto tu, na kwetu ukimpa mtu mkono wa kushoto umemtukana. Nikampa huo huo. Akaupokea kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama anayesalimia mkubwa wake, wala hakuniomba nisimshtaki.

Jumatatu nikafungua kesi, na jina lake nikaliandikisha.