Leinasei na Kabati la Vishikwambi

Shemeji yangu Leinasei ni mpishi wa shule. Yeye aliacha darasa la nne katikati, mimi nilifika la sita, na huwa namkumbusha kila tukigombana. Haijawahi kunisaidia.

Shule yetu ina vishikwambi ishirini. Vililetwa na meli miaka miwili iliyopita, tukavipokea kwa ngoma, kisha mwalimu mkuu Kaltonga akavitia kabatini ofisini kwake, akafunga. Vimetoka mara mbili tu, wageni walipokuja: kila mtoto akapewa kimoja akishike, apigwe picha. Hata kuwashwa havikuwashwa.

Mwaka huu ikaja barua kwamba mtihani wa darasa la nane utafanywa kwenye vishikwambi, na zimebaki wiki sita. Leiwia, bintiye Leinasei, yumo darasa hilo, na nafasi za sekondari ni za kugombaniwa. Leinasei akaenda ofisini, mwiko mkononi.

"Mwalimu, watoto wanaanza lini kujifunza hivyo vidude?"

"Watapewa siku ya mtihani. Nikivitoa sasa wataviharibu."

"Wa mjini Vila wamevishika tangu wananyonya. Wetu ndiyo waanze kubonyeza siku ya kuhukumiwa?"

"Mama Leiwia, chakula chako cha laplap kinaungua huko jikoni. Mambo ya elimu tuachie sisi."

Asubuhi yake tukakuta jani la namele limefungwa kwenye mlango wa ofisi. Jani hilo anafunga chifu peke yake, na likishafungwa hapiti mtu mpaka shauri liishe na nguruwe aliwe. Mpishi hafungi. Mpishi mwanamke ndiyo kabisa! Na kengele, madaftari, mhuri, hata birika la chai la mwalimu, vyote vimo ndani. Kaltonga na shahada yake akasimama nje, mvua inamnyeshea.

"Si jani tu, mwalimu?" nikamwambia. "Ruka."

"Ruka wewe."

Nikakumbuka nina kazi shambani. Lakini sikwenda mbali, maana Chifu Taripoa alikuwa anakuja na fimbo yake.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi." Leinasei hata kukuna nazi hakuacha.

"Una cheo gani?"

"Sina."

"Basi halina nguvu. Na kwa kulichezea jani la machifu, utatoa nguruwe."

Ana nguruwe mmoja tu, anayemfuga kwa ajili ya ada ya sekondari ya Leiwia. Nikamnong'oneza, "Shemeji, omba radhi. Ada je?"

"Asipofaulu, ada ya nini?" Akamgeukia chifu. "Nguruwe yule pale, mchukueni. Ila kama jani halina nguvu, chifu wangu, pita. Kakae kwenye kiti cha mwalimu, nikuletee chai."

Chifu akalitazama jani. Akasogea hatua moja, akakohoa, goti likaanza kumuuma.

"Namele ni namele," akasema mwishowe, "hata ikifungwa na mkorofi. Unataka nini wewe?"

"Kabati lifunguliwe leo. Na ufunguo nikae nao mimi."

"Mpishi akae na ufunguo?" Kaltonga akaruka.

"Mwalimu," chifu akasema, "nimelowa. Mpe."

Akampa. Chifu akalifungua jani, nguruwe akachinjwa, tukala wote, hata Kaltonga, tena mafuta yakimchuruzika. Kati ya vile ishirini viliwaka kumi na kimoja. Vingine betri zimevimba kwa kulala kabatini. Mwalimu alipotaka kueleza kwa nini, Leinasei akamtilia mnofu mwingine. "Tafuna kwanza, baba."

Sasa jikoni kwake mikeka imetandikwa, watoto ishirini na sita wanapokezana, na vishikwambi vinachajiwa kwa sola ya zahanati. Leiwia ameshakuwa mwepesi wa vidole kuliko walimu wake. Juzi Kaltonga alichungulia dirishani.

"Mama Leiwia, Ijumaa nitavirudisha kabatini. Kwa usalama tu."

"Jaribu," akasema Leinasei, akaendelea kukoroga.