Leso Iliyokosa Maji

Harufu ya majivu yaliyolowa ndiyo hunirudisha Ekerenyo, kwenye jiko la bibi yangu, ambaye sote tulimwita Magokoro. Ilikuwa miaka ya sitini, wazazi wangu walipohamia Nyansiongo kufungua shamba jipya. Walimchukua mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nikaachwa hadi nyumba isimame. Mama aliniachia leso yake moja, yenye harufu ya moshi, samli na jasho lake. Nililala nimeikumbatia, nikijidanganya kwamba mwenyewe hayuko mbali.

Chemchemi ilikuwa bondeni na kilima kilikuwa kikali, kwa hiyo Magokoro hakufanya mchezo na maji. Yaliyosuuza mboga yaliosha miguu, kisha yakaenda kwenye migomba nyuma ya jiko. Sufuria alizisugua kwa majivu na jani kavu la mgomba. Nguo alizifua kwa maji aliyoyachuja kwenye majivu ya maganda ya ndizi, yakiteleza kama mlenda. "Maji yakimwagika hayazoleki," aliniambia kila nilipojikwaa na mtungi. Alifua kila kitu cha nyumba ile, hata matambara. Ila leso yangu, siku ya kufua ilipofika, aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Hiyo ingoje. Leo maji hayatoshi." Na mtungi umejaa pomoni! Nilikuwa mpweke, lakini sikuwa mjinga, nilijua ananihurumia.

Mama alikuja kunichukua baada ya mavuno. Alinikumbatia, nami nikamnusa: maziwa ya ng'ombe wa kizungu na sabuni ya dukani yenye manukato. Nikasimama kama gogo. Hata chai hajaimaliza, akaiona leso.

"Jamani, Magokoro! Mtoto analalia uchafu huu?"

Mama akamimina maji bila kupima, akaifua kwa sabuni yake, akaianika juani. Nililia mpaka kwikwi. Mama alidhani nalilia kumwacha bibi.

Leo nina bomba jikoni, na chini ya sinki zimejaa chupa za dawa za kusafishia nilizonunuliwa na wanangu, kila moja ikinukia maua. Mimi bado nasugua sufuria kwa majivu, na maji ya kusuuzia nayapeleka kwenye migomba. Wanangu hunicheka, na mimi huwaacha wacheke. Niliishi na mama miaka mingi baada ya siku ile, nikampenda, nikamzika. Lakini yule wa kwenye leso hakurudi kunichukua.