Alhamisi za Mama Mwamba

Mhezi ilikuwa na redio moja tu ya kutegemewa, nayo ilikaa ofisi ya kijiji juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma mke wa mchungaji. Mwalimu mkuu alikuwa na yake, lakini betri zake zilianikwa juani kila asubuhi kama dagaa, na hata hivyo iliongea kwa kukwaruza mpaka ukaihurumia. Kwa hiyo Alhamisi jioni watu walikwenda ofisini. Wazee walipewa mabenchi, vijana wakajazana mlangoni, na Raheli, mjane wa Nathanaeli, akawekewa kiti chenye egemeo peke yake.

Kiti hicho hakupewa kwa ajili ya ujane. Wajane Mhezi walikuwa wengi na walikaa chini kama watu wengine. Raheli alipewa kwa sababu Mwamba alikuwa mwanawe.

Kwa asiyejua, Mwamba alikuwa shujaa wa mchezo wa redio, mtu aliyezuia mafuriko kwa kifua na kubeba lori lenye shehena kama wewe unavyobeba mkungu wa ndizi. Hakuwa peke yake. Idhaa ilikuwa moja nchi nzima, ila mashujaa wake walikuwa watatu. Jumatatu alikuja Binti Radi, ambaye hakuna mwizi aliyemshinda mbio. Jumamosi alikuja Bwana Macho, aliyeona kupitia ukuta na kuwaumbua walanguzi na magunia yao ya sukari. Alhamisi ilikuwa ya Mwamba. Na sauti ya Mwamba, nzito, iliyokuwa zamani ikitikisa besi ya kwaya ya Kilutheri hapo hapo Mhezi, ilikuwa ya Eliufoo, mtoto pekee wa Raheli. Aliteremka kwenda Dar es Salaam kuwa karani wa ghala, kikundi cha maigizo kikamsikia akimwita mchukuzi wa mizigo ng'ambo ya barabara, kikamng'ang'ania.

Hadithi yenyewe Raheli hakuifuata sana. Akiulizwa kesho yake Mwamba alimwokoa nani, alibabaika. Yeye alisikiliza mtoto anavyopumua kati ya neno na neno, kama amekula, kama amechoka. Eliufoo alikuja nyumbani Krismasi tu, na mwaka mwingine hata Krismasi asije. Lakini Alhamisi alikuja, na kijiji kikaacha kumwita Mama Eliufoo kikaanza kumwita Mama Mwamba. Alijifanya kukasirika. Hakukasirika hata kidogo.

Mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona zikaja tetesi. Ilisemekana idhaa inataka muda wa kufundishia mbolea na nafasi za mashimo ya mahindi, na mashujaa watatu ni wengi mno, atabaki mmoja. Nani aliyesema, hakujulikana. Habari hizo zilizungumzwa zaidi siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, baragumu lilipolia na watu wote wakashuka na makarai kuzoa tope la ndiva, lile bwawa linalojazwa maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Kazi ya tope haina utamu, na soga ndiyo chumvi yake.

"Atabaki Bwana Macho," alisema Zebedayo, mpima kahawa wa chama cha ushirika. "Serikali inampenda mtu wa kukamata walanguzi. Mwamba anakamata nini? Maji?"

"Binti Radi ndiye atakayebaki," alisema Ernesta, aliyewahi kuwa msaidizi wa wauguzi kule Gonja na hakupenda kubishiwa. "Wanawake ndio wanaolima nchi hii. Wakimwondoa tutaacha majembe."

"Hataondolewa mtu," akasema Asheri. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu Nathanaeli, tena ndiye mwenye ufunguo wa ofisi na wa redio. "Si sisi tumehamishwa tukawekwa pamoja? Na wao watahamishiwa kijiji kimoja, watatu ndani ya mchezo mmoja. Wapewe na balozi wao."

Watu walicheka mpaka karai likamponyoka mmoja. Raheli naye alicheka, magoti ndani ya tope, lakini moyo haukutulia. Mwamba akiondolewa, Eliufoo angerudi kuwa karani wa ghala, na karani wa ghala hasikiki Mhezi.

"Wafanye wanavyotaka," alisema. "Wasimuue tu."

Nimonia ndiyo iliyomuua Eliufoo, tena upesi, kabla hata ya habari za ugonjwa kufika milimani. Wenzake wa maigizo walimleta kwa lori mpaka Same na kutoka hapo wakapanda naye, akazikwa nyuma ya migomba ubavuni mwa baba yake. Mmoja wao, kijana mwembamba aliyeitwa Novatus, alimshika Raheli mikono yote miwili pale kaburini. "Mama," alimwambia, "utaendelea kumsikia." Raheli aliitikia kwa kichwa. Mchungaji alikuwa ametoka kumwambia kwamba atamwona tena, na huyu anasema atamsikia. Watu husema mengi msibani, nawe huitikia yote.

Alhamisi iliyofuata, watu wa matanga wakiwa bado wamelala kwake, Asheri aliingia na uso uliompauka. Alikaa, akainuka, akakaa tena. Mwisho alisema kwamba mchezo wa Mwamba umekwisha. Wameuondoa, wameweka kilimo.

"Basi wamefanya heshima," alisema Raheli, na kwa kweli lilimfariji kidogo kuona kwamba redio nayo imefunga msiba. Hakwenda tena ofisini. Alhamisi zikapita kimya, na kila alipokaribia kundi la watu walianza ghafla kuzungumza habari za mvua. Hakulitilia maanani. Mfiwa huzoea kuona watu wakikatiza maneno.

Maharage yalipokomaa aliteremka Same kuyauza sokoni. Alipomaliza, alikaa kupumzika kwenye kibanda cha chai cha Mwanakheri, mwanamke wa Pangani aliyeletwa nchi hizi na mume aliyekata mkonge, mume akaondoka, yeye akabaki na birika lake.

"Shikamoo mama. Ya maziwa au ya rangi?"

"Marahaba mwanangu. Ya rangi."

Kwenye benchi la pili wanaume walikuwa wanabishana, na aliyesikika zaidi ni Mbaraka, dereva wa lori la mkonge. Raheli hakuwa akisikiliza mpaka jina lilipotajwa.

"Nawaambieni yule kijana wa Mwamba amekufa," alisema Mbaraka. "Tangu zamani. Nilipeleka mzigo Dar, nikasimuliwa na mtu anayewajua."

"Kafa, na juzi tumemsikia?"

"Wanarekodi mapema. Wanakaa siku moja wanaongea michezo mingi, sauti inaingia kwenye kanda, kanda zinawekwa kabatini, kila Alhamisi inachezwa moja. Mtu anaweza kuwa kaburini na kanda zake bado zipo."

"Zikiisha je?"

Hapo kila mtu akawa na lake. Mmoja alisema watamuua Mwamba ili mambo yaishe kwa heshima. Mwingine akasema siku yake atapewa Binti Radi. Mwanakheri, huku akimimina chai, alisema watatafuta koo jingine, kwa kuwa shujaa kama huyo huwezi kumwacha hivi hivi.

Raheli alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili wala hakunywa. Maneno ya Novatus yalimrudia yote, na safari hii aliyaelewa. Kijana hakuwa akimliwaza. Alikuwa anampa habari.

"Mwanangu," alimwuliza Mwanakheri, "huyo Mwamba si aliondolewa?"

"Aliondolewa wapi, mama? Alhamisi iliyopita tulikuwa naye hapa hapa. Mgodi umemporomokea, tukaachwa hapo. Hatujui atatoka vipi."

"Na sauti ni ile ile?"

"Ile ile. Ya huko kwenu milimani. Akifungua mdomo unajua huyu ni Mpare, hata angejificha."

"Ni mwanangu," alisema Raheli.

Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja mzigo wake ulipo. Mbaraka alivua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena, akaivua.

"Mama, mimi nabahatisha tu," alisema. "Pengine kanda ni nyingi. Wale watu wanarekodi sana."

"Nyingi mno," alidakia mwenzake, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ameshamzika Mwamba. "Haiwezekani wamwache chini ya mgodi bila kuwa na kanda ya kumtoa. Lazima ipo."

Wakaanza upya kubishana yatakayotokea, lakini sasa kwa upole, kila mmoja akiongeza kanda katika lile kabati la Dar es Salaam ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona. Raheli aliwasikiliza akawapenda, watu asiowajua, waongo wale.

Mwanakheri alimkaribisha nyumbani kwake mpaka Alhamisi. Siku hizo Raheli alimsaidia kukanda unga wa maandazi, na mikono ikiwa kwenye unga aliomba. Hakuomba mtoto arudi, alikuwa na akili zake. Aliomba kanda moja. Alhamisi zote zilizopita, alipokuwa amekaa jikoni kwake Mhezi akiutazama moto, Eliufoo alikuwa anaongea, na nchi nzima inamsikia, wageni, wakata mkonge, walevi, watu ambao hawakumlea. Yeye ndiye hakumsikia. Likimfikia wazo hilo, alikanda unga kwa nguvu mpaka Mwanakheri akamwondolea beseni.

Alhamisi jioni kibanda kilijaa. Habari zilishaenea, na watu waliokuja walimwamkia Raheli kwanza ndipo wakatafuta pa kukaa. Redio iliwekwa mezani mbele yake. Ulipigwa muziki, ikafuata sauti ya mawe yakisogezwa, moja baada ya jingine, na watu wa mgodini wakimwita Mwamba. Raheli aliinama mpaka kilemba chake kikagusa redio.

Mwamba akajibu.

Ilikuwa sauti nzuri. Nzito, changa, ya mtu wa pwani, kila neno limenyooka. Mwanakheri hakutazama redio, alimtazama Raheli, na alipoona uso wake akageuka kushughulika na birika ambalo halikuhitaji kushughulikiwa.

"Labda ana mafua leo," alisema Mbaraka taratibu.

Raheli alisikiliza mpaka mwisho. Angeweza kuinuka akatoka nje na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alikaa, kwa kuwa yule kijana alikuwa anajitahidi.

"Anasema vizuri," alisema Raheli redio ilipozimwa. "Naye ana mama yake mahali."

Kesho yake alipanda milima. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa Asheri, akamkuta analimia kahawa, akasimama mbele yake bila hata salamu.

"Shemeji, Mwamba alikuwa anaongea."

Asheri aliegemea jembe. Alikuwa ameshazeeka, lakini Raheli alikuwa hajawahi kuona hivyo mpaka siku ile.

"Tulimzika Jumamosi," alisema. "Alhamisi watu walikuja ofisini kwa mazoea tu, nikawasha redio tusikie habari. Akawa yumo. Mama Eliufoo, mimi niliteremsha jeneza lile kwa mikono yangu. Watu walitokea madirishani. Ernesta aliacha viatu vyake. Nilibaki peke yangu na kile kitu juu ya kabati, nikazima. Nikawaambia, mama yake akisikia hili atarukwa na akili. Redio isiwashwe Alhamisi, na asiambiwe. Mimi sikujua habari za kanda. Nani hapa alijua habari za kanda?"

"Hakuna," alisema Raheli.

"Nilidhani nakukinga."

"Najua."

Alijua kweli, na ndiyo sababu hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa na wa kumkasirikia. Alikaa chini kwenye majani ya kahawa yaliyopukutika.

"Siku hiyo alisema nini?"

"Hakuwahi kusema, shemeji. Kelele zilikuwa nyingi."

"Umesema alikuwa yumo. Ulimjuaje?"

Asheri alifikiri. Ilionekana hakuna aliyewahi kumwuliza, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefanya bidii asiikumbuke siku ile.

"Alikohoa," alisema. "Kabla ya neno lolote alikohoa. Nikajua ni yeye. Ndipo nikazima."

"Alikohoaje?"

Asheri alimtazama kama hakusikia vizuri. Raheli alisubiri, mikono magotini. Basi mzee yule akalaza jembe chini, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa.

Raheli alitikisa kichwa. "Eliufoo hakohoi hivyo," alisema. "Anza tena."

Asheri akakohoa tena.